Binti anataka kusimama mbele ya jukwaa, mimi niko na pweza mezani

Anti, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mkazi wa Bagamoyo, nina miaka 33. Mume wangu ni fundi wa mashine za boti. Mimi nauza pweza na mihogo ya kukaanga. Siku za kawaida niko karibu na soko la samaki, na likija tamasha la muziki nahamishia meza uwanjani. Siku tatu za tamasha zinaniingizia hela ninayoitafuta mwezi mzima. Kwa hiyo ukiniambia nifunge meza nikae na wanangu, Anti, tutakuwa hatujasaidiana.

Wanangu nitawaita Zuhura na Abuu, si majina yao. Zuhura ana miaka 12, yuko darasa la sita. Abuu ana miaka 9.

Mwaka jana nilikuwa nao wote wawili pale mezani. Usiku wa pili wateja walinizidi. Ninakata pweza, nainua kichwa, Abuu hayupo. Nikadhani yuko na dada yake. Dada yake akadhani yuko nyuma yangu anaosha sahani. Dakika 40, Anti. Nilikwenda kwanza ufukweni, namulika kwa simu ngalawa moja baada ya nyingine, nachungulia ndani. Kisu cha pweza kilikuwa bado mkononi, wala sikujua, mpaka baba mmoja akaniambia, "Mama, shusha hicho." Kumbe mwenzangu yuko jukwaani! Muuza ubuyu mmoja alimwona analia akamshika mkono, akampeleka kwa mshereheshaji. Akaulizwa kwenye kipaza sauti, mama yako nani? Akajibu, "Mama Zuu." Nimeambiwa uwanja mzima ulicheka. Akina Mama Zuu tuko wangapi mji huu? Namba ya simu hajui. Na mimi kule ufukweni sikusikia chochote, upepo wa bahari unasukuma sauti yote kuelekea mjini.

Sasa tamasha linakuja tena, zimebaki wiki tatu. Zuhura ameniomba kitu kimoja. Hataki kukaa mezani. Anataka kwenda na wenzake watatu wa darasani wasimame mbele ya jukwaa, kisha saa tatu usiku arudi mwenyewe mezani kwangu. Ameomba kwa adabu, tena akiwa anaosha vyombo bila kutumwa, nikajua ana jambo.

Baba yao anasema Abuu aende atakako, ni mwanamume, na isitoshe ameshapotea ameshajifunza. Zuhura hapana, mtoto wa kike. Mama mkwe ndiye kabisa: "Mwari haendi ngomani." Dada yangu wa Dar ananiambia ninawafuga watoto kama kuku, ninunue ile saa ya mkononi inayoonyesha mtoto alipo, basi. Mimi moyo wangu unasema nimfunge Zuhura kwenye mguu wa meza.

Kuna mengine mawili sijamwambia mtu. Alhamisi iliyopita Zuhura alichelewa kutoka madrasa. Aliniambia ustadhi amewaweka. Nilipofua buibui lake nikakuta mchanga wa pwani kwenye pindo, na madrasa yetu iko bara ya mji. Nadhani alikwenda kuangalia mafundi wanafunga jukwaa. Sijamuuliza.

La pili ni aibu yangu. Baba yao nilikutana naye hapohapo kwenye ngoma, nikiwa na miaka 19. Nyumbani nilikuwa nimeaga naenda hitimani.

Nifanye nini, Anti?

Mama wa Bagamoyo


ANTI ANAJIBU

Marahaba, Mama Zuu. Umesema mko wengi, basi nitakuita hivyohivyo na hakuna atakayekujua.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye kile kisu. Mama aliyekimbia hivyo hawezi kuambiwa "usiogope". Hofu yako ina sababu, nami sitaki kukunyang'anya. Nataka tuitazame vizuri tu, maana naona umeiweka juu ya Zuhura wakati aliyepotea ni Abuu.

Tuanze na hapo. Abuu alipotea siku ambayo hakupewa uhuru wowote. Alikuwa chini ya macho yako, hatua tatu kutoka kwenye karai. Kilichotokea nakijua, na wanawake wengi wanaosoma hapa wanakijua: wewe ulidhani yuko kwa dada yake, dada alidhani yuko kwako, na kwa kweli hakuwa kwa mtu. Hakukuwa na mmoja aliyeambiwa kwa mdomo, "Huyu ni wako mpaka nikwambie." Kwa hiyo kuwafunga mezani, ambako unakuona ndiko salama, mwaka jana hakukusaidia. Sisemi uwaache. Nasema mtoto kuwa karibu na mtoto kuwa na mwenyewe ni mambo mawili, hasa pale mwenyewe ana foleni ya wateja na mafuta ya moto.

Na baba anaposema Abuu ameshajifunza, kajifunza nini? Mpime leo. Akiwa anakula, muulize ghafla: mama yako anaitwa nani? Kama atasema Mama Zuu, bado tuko palepale. Jina lako la kwanza, la baba yako, mtaa mnaokaa, na namba yako ya simu. Namba yenyewe aiimbe. Watoto wanaohifadhi juzuu nzima hawawezi kushindwa na tarakimu kumi. Sisi wazazi ndio tumelemaa, namba zote ziko ndani ya simu na kichwani hakuna hata moja.

Kwenye matamasha ya Uingereza watoto huvishwa ukanda wa mkononi ulioandikwa namba ya mzazi, na huwekwa hema maalumu la waliopotea. Kwenu sijui mwaka huu wameandaa nini, na unaweza kuwauliza waandaaji mapema, wewe ni mfanyabiashara wao, una haki ya kuuliza: mtoto akiokotwa, anapelekwa wapi? Ukanda unaweza kuushona mwenyewe kwa kipande cha kanga. Andika namba ya simu kwa maka peni isiyofutika. Jina la mtoto usiandike kwa nje. Mtu asiyemjua akimwita kwa jina lake, mtoto wa miaka 9 humwona kama ndugu.

Yule muuza ubuyu amenigusa sana. Umempitisha kwenye mstari mmoja, lakini ndiye aliyeokoa usiku wako. Fikiria kwa nini ilikuwa rahisi kwake: ana meza, ana mali juu ya meza, hawezi kuondoka. Ukimfundisha mtoto "ukipotea tafuta mtu mzima", umemwachia uwanja mzima achague. Ukimfundisha "tafuta mama anayeuza kitu, simama kando ya meza yake, usiende naye popote, mwambie apige namba hii", umemwonyesha mtu ambaye kesho na keshokutwa atakuwa palepale. Na wewe wenzako unawajua. Siku ya kwanza mchana, kabla watu hawajajaa, wapitishe watoto wakawaamkie: wa ubuyu, wa kashata, kaka wa juisi ya miwa, mama wa chapati kule langoni. Shikamoo nne au tano zinatosha kuuweka uwanja mikononi mwa watu wenye majina.

Sasa uwanja wenyewe. Mtu aliyezoea tamasha la Sauti za Busara kule Unguja anazungumzia jambo jingine, kwa sababu kwa miaka mingi jukwaa kuu la pale limekuwa ndani ya Ngome Kongwe, kuta pande zote na lango. Bagamoyo hamna ukuta upande wa mashariki, mna bahari. Mji wenu umeona matamasha mengi, chuo cha sanaa ambacho leo ni TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kimekuwa na lake tangu 1982, na watoto wa Dunda na Magomeni wamekulia humo. Lakini wewe mke wa fundi wa boti unajua jambo ambalo dada yako wa Dar hajalifikiria: ufukwe wa saa kumi si ufukwe wa saa nne usiku. Angalia tarehe za tamasha na mwezi. Zikiangukia bamvua, siku za maji makubwa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yatajaa alasiri kama saa kumi, na kufikia saa nne usiku yatakuwa yamekupwa mbali kabisa, mchanga mweupe, mbalamwezi kama mwezi ni mpevu, madau yamelala ubavu. Hapo si kuzama ninakohofia. Ni ule upana na lile giza nyuma ya madau, ambako sauti ya jukwaa haifiki, kama ulivyoonja mwenyewe. Zikiangukia maji mafu, siku za maji madogo, mambo yanageuka: saa nne, saa tano usiku maji ndiyo yanajaa, na mtoto aliyeshuka kucheza magharibi anakuta mchanga umepungua. Kwa vyovyote, mpaka ambao ningeuzungumza na watoto kwanza ni ule wa chini, mchanga unapoanza. Jukwaa lina taa na watu. Mchangani usiku, hapana, hata kwa Abuu mwanamume.

Na hilo la uanaume. Sitaki kukugombanisha na mumeo, lakini mwombe akufafanulie. Abuu ana miaka 9, hajui jina la mama yake, na anapewa uwanja mzima bila saa ya kurudi. Zuhura ana 12, ameomba mahali pamoja, watu watatu, na saa aliyoitaja mwenyewe. Ni nani hapo aliyefikiri? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto kuwa ni yeyote aliye chini ya miaka 18, haikutenga wa kike na wa kiume, na wabaya nao hawatengi kama tunavyodhani. Wavulana wanaumizwa na wananyamaza, kwa sababu walishaambiwa wao hawapati neno.

Mama mkwe usimbeze. "Mwari haendi ngomani" ni kauli ngumu, lakini keti naye umuulize wao walikwendaje, maana walikwenda! Nadhani atakuambia walikwenda kundi, na mtu mzima wao, somo au shangazi, ambaye hakuwashika mikono ila alijulikana amekaa wapi. Huenda anachokipinga si ngoma, ni binti kwenda bila mtu wake. Kama ndivyo, mko karibu kuliko unavyofikiri. Inawezekana pia akakataa kabisa, na hapo utakuwa na kazi ya kuamua mnaishi vipi na kukataa kwake ndani ya nyumba moja. Hilo siwezi kukurahisishia.

Saa ya kuonyesha mtoto alipo, au kitochi, vina faida yake. Lakini watu wakijaa mtandao unalemewa, simu inaita mfukoni na spika zinanguruma hakuna anayesikia, na kifaa cha bei kwenye mkono wa mtoto kinamvutia mwizi. Tena saa hiyo inakuambia alipo, haikuambii yuko na nani. Nunua ukitaka, ila usije ukakiamini kile kinukta kwenye kioo kuliko macho ya muuza ubuyu.

Yuko na nani: hapo ndipo ningekaa na Zuhura muda mrefu zaidi, peke yenu. Tunawaonya watoto na watu wasiowajua, na mara nyingi anayedhuru ni anayejulikana, anko wa jirani anayenunua soda, kijana wa bodaboda anayesema "mama kanituma nikuchukue". Kubalianeni neno moja la siri, la kipuuzi, ambalo ukimtuma mtu kweli utampa. Asiyelijua hakutumwa, hata kama ni mjomba. Zungumzeni choo. Wazazi wanazungumza jukwaa na kusahau choo, ambacho kiko pembeni, gizani, na ndiko msichana huachwa peke yake. Wako wanne: wanakwenda wote wanne au hawaendi, hata kama wimbo wanaoupenda ndio umeanza. Na wasisimame chini ya spika, masikio hayaoti tena. Umwambie pia kwamba akiguswa au akisemeshwa vibaya, kosa si lake na safari ya mwakani haitafutwa kwa sababu amesema. Akishindwa kukwambia wewe, namba 116 ya simu kwa mtoto haitozwi kitu nchi nzima, na polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto.

Sasa hiyo saa tatu. Unaweza kukataa kata. Utapata amani ya siku tatu, na mbele ya wakwe utaonekana mama mkali. Lakini ule mchanga kwenye pindo la buibui, Mama Zuu, unakuambia ameshaanza kwenda bila kuaga, na anayekwenda bila kuaga hana neno la siri, hana muuza ubuyu, hana saa ya kurudi. Unaweza kukubali kama alivyoomba, na ukaukata mkono wako badala ya pweza kwa kuangalia jukwaani usiku kucha. Au mnaweza kuugawa uhuru vipande: siku ya kwanza saa kumi na moja jioni, jua lipo, msanii mmoja tu kisha anarudi mezani umwone uso; ya pili baada ya magharibi; ya tatu mtaona. Mimi ningependelea arudi kila msanii anapomaliza kuliko kwa saa, kwa kuwa saa hana na mwisho wa wimbo hata wewe unausikia. Hatari ya njia hii ni kwamba atachelewa. Usiku mmoja kati ya hiyo mitatu atachelewa, nakuhakikishia, kwa sababu watu wameshangilia wimbo ukarudiwa. Amueni kabla: akichelewa dakika kumi nini kitatokea, nani atamfuata, na nani atabaki na karai? Hilo la mwisho hukulisema kabisa. Una msaidizi? Kama huna, hata mtoto akiwa malaika, hakuna wa kumfuata. Labda fungu la faida ya siku hizo limlipe binti mmoja mkubwa wa mtaani, kazi yake iwe moja, Abuu. Asioshe hata sahani.

Ule mchanga, usimtegee. Ukimuuliza "Alhamisi ulikuwa wapi?" na jibu unalo, unamfundisha kudanganya vizuri zaidi. Mwambie tu umeuona. Kisha nyamaza, endelea kukunja nguo.

Na hitima yako? Nimecheka, nisamehe. Lakini nadhani umeileta mwenyewe kwenye barua kwa sababu unajua inafanya kazi gani. Ukimtazama Zuhura mbele ya jukwaa, unamwona Zuhura wa miaka 12 anayetaka kuona ngoma, au unajiona wewe wa miaka 19? Kati ya hao wawili kuna miaka saba. Si lazima umsimulie sasa, ana umri wa kuyajua baadhi tu. Ila baba yake, anapokataa, huenda naye anakumbuka alikuwa amesimama upande gani wa uwanja usiku ule. Mnaweza kulizungumza hilo nyinyi wawili, watoto wakilala.

Niandikie usiku wa kwanza ukipita. Nataka kujua alirudi baada ya msanii wa ngapi, na kama wewe ndiye uliyemwona kwanza au ni yeye aliyekuona.